Mbunge wa viti maalumu ana mamlaka ya nani?

Mwalimu wa Uraia (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Uraia katika sekondari moja mkoani Morogoro, na wiki iliyopita nilikwama mbele ya darasa, jambo ambalo baada ya miaka kumi na saba ya kushika chaki halinitokei mara nyingi. Tulikuwa tukipitia aina za wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano. Nilikuwa nimekwisha kueleza kwamba Ibara ya 66 ya Katiba ya mwaka 1977 inataka kuwe na wabunge wanawake wa viti maalumu wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wote, kwamba Ibara ya 78 inavigawa viti hivyo kwa vyama kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kimepata katika uchaguzi wa wabunge, mradi kimefikisha asilimia 5, na kwamba shabaha ya mpango huu ni wanawake kupata uwakilishi. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye mwaka jana alitaka uongozi wa wanafunzi akaukosa na tangu hapo amekuwa mkimya, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama mbunge huyo anawawakilisha wanawake, mbona wanawake hawakumpigia kura?" Nilimweleza kwamba wanawake, kama wapiga kura wengine, walikipigia chama, na chama ndicho kilichopeleka majina Tume ya Uchaguzi. Akasema, "Basi anakiwakilisha chama." Darasa likacheka, kengele ikaniokoa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama takwimu kwa jicho jingine. Mwaka 1985 viti vya wanawake bungeni vilikuwa 15, na wakati huo vilijulikana zaidi kama viti vya upendeleo. Mwaka 2000 vikawa 48, mwaka 2005 vikawa 75, mwaka 2010 vikawa 102, na katika chaguzi za 2015 na 2020 vilifika 113. Hiyo ni safari ndefu, na sitaki kuibeza. Hata hivyo, katika majimbo 264 ya uchaguzi wa 2020, wanawake walioshinda hawakufika thelathini. Kwa maneno mengine, mlango wa pembeni umepanuliwa mara saba, na mlango mkubwa bado ni mwembamba.

Ninachoomba kwenu si ubishi wa vyama, kwa kuwa huo tunao wa kutosha. Ninaomba msaada wa nadharia. Wanazuoni wa siasa wenye mtazamo wa kifeministi wameandika mengi juu ya jinsia na mamlaka. Je, wana jibu gani kwa binti yule? Mwanamke aliyepewa kiti na uongozi ambao kwa sehemu kubwa ni wa wanaume, ana mamlaka, au ameazimwa tu?

Mwanafunzi wa Mlimani

Shikamoo Mwalimu. Ninasomea shahada ya pili katika sayansi ya siasa, na swali la mwanafunzi wako lilinifanya niache nilichokuwa nikiandika.

Hanna Pitkin, katika uchambuzi wake wa mwaka 1967 ambao hadi leo ndiyo ngazi ya kwanza ya mjadala huu, alionyesha kwamba neno moja la uwakilishi limebeba mambo kadhaa ambayo huwa tunayachanganya: kuna ruhusa ya kusema kwa niaba ya watu pamoja na wajibu wa kurudi kuwatolea hesabu, kuna kufanana na watu hao, kuna kuwa alama yao machoni pa jamii, na kuna kutenda kwa manufaa yao. Viti maalumu vimetimiza kufanana kwa nguvu ya sheria, kwa sababu anayekikalia lazima awe mwanamke, na kwa kiasi kikubwa vimetimiza ualama pia, maana msichana anayetazama kikao cha Dodoma kwenye runinga anaona wanawake wengi kuliko alivyoona mama yake. Lakini ruhusa na hesabu zimekabidhiwa chama. Binti yako aliuliza juu ya ruhusa na hesabu, wewe ulikuwa umefundisha juu ya kufanana, ndiyo maana jibu halikumtosha.

Hata hivyo, nisingependa tukimbilie kusema kwamba kufanana hakuna maana. Anne Phillips, aliyeandika mwaka 1995, aliwajibu wale wanaodai kwamba mwanamume mwenye mawazo mema anatosha kuwasemea wanawake. Hoja yake ni kwamba mawazo hayo huandikwa kwenye ilani kabla ya uchaguzi, ilhali mambo mengi ya watu waliozoea kunyamazishwa hayajapata hata jina wakati ilani inaandikwa, na hivyo hayawezi kubebwa na mtu ambaye hayajampitia. Fikirieni rushwa ya ngono. Ilikuwa ikitendeka maofisini na vyuoni kwa miaka mingi, na wanawake walisimuliana kwa kunong'ona, kabla Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haijaiandika kuwa kosa la jinai katika kifungu chake cha 25.

Na kuna upande wa pili, ambao lazima nao usemwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana anatakiwa awe amefikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka ule ukapita na mingine ikafuata bila marekebisho kupitishwa, na wakati wote huo wanawake walikuwa zaidi ya theluthi moja ya Bunge. Katika Kiswahili tumejifunza kutenganisha jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani nafasi ambayo jamii humpangia mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Viti maalumu vinahesabu jinsi. Jinsia inasubiri mtu wa kuithubutu, na kuthubutu kunategemea unamwogopa nani.

Mzee wa Rungwe

Binti yangu wa Mlimani umefafanua vizuri, nami nimejifunza. Lakini ninyi vijana mnakipima kiti kama kwamba mtu akikikalia hubaki hapo milele. Mimi nimeona siasa za nchi hii tangu enzi za chama kimoja, na ninasema kiti maalumu ni ngazi. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalumu. Mwaka 2010 alisimama jimboni Makunduchi akashinda, mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na Machi 2021 akawa Rais. Anayesema ngazi ile haikuwa na maana, anieleze ni chama gani kingempitisha mwanamke yule kugombea jimbo mwaka 2000 bila kwanza kuonekana ndani ya jengo akifanya kazi.

Zaidi ya hayo, mnasema ruhusa imetoka kwa chama. Ni mbunge gani wa Tanzania ambaye ruhusa yake haikutoka kwa chama? Katiba yetu haimruhusu mgombea binafsi, na Ibara ya 71 inasema mbunge yeyote anayeacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa kupitia kwake anapoteza ubunge, awe mwanamume wa jimbo au mwanamke wa viti maalumu. Basi kamba ni ileile shingoni mwa wote. Kumwonyesha kidole mwanamke peke yake ni dhuluma ya pili.

Ila ninakubali jambo moja, kwa kuwa utu uzima ni pamoja na kukubali. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa katika jimbo. Kwa hiyo ngazi hii ina kidato ambacho imekatazwa kukifikia, na sijawahi kusikia sababu yake ikielezwa vizuri.

Mjumbe wa zamani

Mzee wangu, kamba ni ileile lakini urefu wake si sawa, na ninasema haya kwa kuwa nimewahi kuwa mmoja wa walioishika.

Kwa vipindi viwili nilikuwa mjumbe wa mkutano wa mkoa wa jumuiya ya wanawake ya chama kimojawapo. Sitakitaja, na wanaokijua watanisamehe. Mkutano huo ndio unaopiga kura za maoni za viti maalumu. Wapiga kura tulikuwa mamia machache katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni moja. Miezi mitatu kabla ya siku yenyewe simu yangu haikupumzika. Nilijuliwa hali na watu ambao hawakuwahi kunijulia hali, nililetewa khanga, nilitumiwa nauli ya kwenda mjini hata pale nilipokuwa nipo mjini. Wagombea walijua majina ya watoto wetu na madarasa wanayosoma. Siku ya kura walijieleza kwa dakika chache kila mmoja, na sikumbuki hata mmoja aliyeeleza angependa kubadilisha sheria gani. Wala sikumbuki mjumbe aliyeuliza, mimi mwenyewe nikiwamo.

Baada ya kura zetu, orodha ilipanda juu. Huko juu kuna vikao ambavyo vina haki ya kuipanga upya, na kweli mama tuliyempa kura nyingi zaidi aliporudi kwetu alikuwa amesogezwa hadi mahali ambapo viti havikumfikia. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Yeye mwenyewe hakuuliza, na nilipomuuliza kwa nini haulizi, alinijibu kwamba kuna uchaguzi mwingine baada ya miaka mitano.

Jibu lile ndilo lililonifundisha mamlaka ni nini kuliko semina zote nilizohudhuria, na semina zenye posho nimehudhuria nyingi. Mbunge wa jimbo akigombana na viongozi wake na kuvuliwa uanachama, jimbo hutangazwa wazi, uchaguzi mdogo huitishwa, na anaweza kurudi kwa watu wale wale kwa tiketi nyingine akawaambia, "Nihukumuni ninyi." Wapo waliofanya hivyo wakarudi bungeni. Mbunge wa viti maalumu akivuliwa hana pa kurudi. Nafasi yake inajazwa kutoka kwenye orodha, na wananchi wanasikia kwenye taarifa ya habari. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama na upande mmoja wa mgogoro wa chama hicho, na ndani ya siku chache wanane wengine walikuwa wameteuliwa mahali pao. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyeulizwa. Ukilijua hilo, Mzee wangu, utaelewa kwa nini mwanamke hodari anaingia kwenye jengo lile akiwa na sauti, halafu sauti inaanza kupungua kadiri uchaguzi unavyokaribia.

Kuna na jambo la fedha. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo husimamiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge wa jimbo. Mbunge wa viti maalumu anazunguka mkoa mzima bila kapu la namna hiyo, na wakina mama wakimwomba mashine ya kushona au saruji ya zahanati, ama anatoa mfukoni mwake ama anamwomba mbunge wa jimbo, ambaye kwa kawaida ni mwanamume na ambaye tayari anamhofia kwamba analitamani jimbo lake.

Mkaazi wa Kilifi

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu mwanafunzi huyo angejibiwa kwa wepesi kwamba walimpigia. Ibara ya 97 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 imeweka viti 47 vya wanawake katika Bunge la Kitaifa, kimoja kwa kila kaunti, na mwakilishi huyo huchaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake, siku ile ile wanayomchagua gavana. Kwa hiyo tatizo la ruhusa tumelitatua. Lakini msitushangilie upesi.

Kwanza, mwakilishi wa kaunti anaomba kura katika eneo linaloweza kuwa na majimbo saba au zaidi, lakini akifika Nairobi mfuko wake ni mdogo mno ukilinganisha na fungu analopata mbunge wa jimbo mmojammoja kutoka NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya majimbo, ambao kwa majimbo yote kwa pamoja sheria ya mwaka 2015 iliutengea si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Aliyechaguliwa na wengi amepewa kidogo, na kidogo hicho kimetengewa makundi ya wanawake, vijana na walemavu, kana kwamba barabara na shule si mambo ya wanawake. Pili, mwanamke anayejitosa kugombea jimbo huambiwa, "Mbona usiende kugombea kile kiti chenu?" Kiti kilichokusudiwa kuwa nyongeza kimegeuzwa kuwa boma. Waliopenya majimboni walikuwa 16 mwaka 2013 na 23 mwaka 2017, kati ya majimbo 290.

Lakini somo kubwa zaidi kwetu ni la kanuni ya theluthi mbili. Ibara ya 27 inasema watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilishauri kwamba kwa upande wa Bunge jambo hilo litekelezwe hatua kwa hatua, na ikaweka mwisho kuwa Agosti 2015. Muda ukapita. Mswada ukaletwa na kurudishwa mara kadhaa, hata Februari 2019 ukaanguka kwa sababu wabunge waliokuwamo ukumbini walikuwa 174, ilhali mabadiliko ya Katiba yalihitaji 233. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa, likaendelea hadi mwisho wa muhula wake.

Tazameni vizuri kilichotendeka ile siku ya Februari. Wapinzani wa usawa hawakuhitaji kusimama na kueleza kwa nini wanaupinga. Hawakupiga hata kura ya hapana. Hawakuja tu. Nadhani hiyo ndiyo sura ya mfumo dume ambayo nadharia inatakiwa ituoneshe, ile isiyopaza sauti wala kutukana mtu, bali inayokwenda kunywa chai wakati kengele ya kura inalia.

Msomaji wa Kigali

Nitasema machache, kwa sababu Rwanda hutajwa kila mara katika mijadala hii kama muujiza. Viti 24 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi vimetengwa kwa wanawake na huchaguliwa na mabaraza, si na wananchi wote, na mwaka 2008 wanawake walifika 45, wakawa wengi kuliko wanaume. Sheria iliyowapa mabinti haki ya kurithi, hata hivyo, ilipitishwa mwaka 1999, kabla ya viti hivyo kuwapo, wanawake wakiwa wachache bungeni lakini wakiwa wamekwisha kuunda jukwaa lao mwaka 1996 na kushirikiana na vyama vya wajane na mayatima. Na mwaka 2009, wingi ukiwa umepatikana, ikatoka sheria ya kazi ambayo iliteremsha likizo ya uzazi yenye malipo kamili kutoka wiki 12 hadi 6, hadi bima ya uzazi ya mwaka 2016 ilipolirekebisha jambo hilo. Sisemi idadi haina maana. Ninasema tu kwamba mliposikia wingi huo mlidhani mmesikia habari yote.

Mwanafunzi wa Mlimani

Ndugu wa Kigali umenikumbusha Drude Dahlerup, ambaye mwaka 1988 alichunguza dhana kwamba wanawake wakifika asilimia 30 hivi, siasa itabadilika yenyewe. Watu humnukuu kama mtetezi wa asilimia hiyo, na wengi wa wanaoandika mipango ya jinsia katika nchi zetu wameichukua kama kipimo cha dawa. Yeye alitia shaka kwamba binadamu hufanya kazi kama kemikali, na akapendekeza tutazame vitendo vinavyobadilisha msimamo wa walio wachache, hata kama wanaovitenda ni watano.

Binti wa Gerezani

Nimewasoma wote kwa makini, na kuna kitu kimoja kinanikera: mjadala mzima umekaa ndani ya ukumbi wa Bunge, kana kwamba mamlaka yanapatikana kwenye viti tu. Hata maneno yetu wenyewe yanajua zaidi ya hapo. Kiswahili hakina neno moja kwa jambo hili. Tuna mamlaka, ambayo ni haki ya kuamuru, tuna madaraka, ambayo ni cheo mtu anachopewa na anachoweza kuvuliwa, tuna nguvu, na tuna uwezo, ambao hakuna barua ya uteuzi inayoweza kuuleta. Wanadharia wa kifeministi walihangaika sana kutenganisha nguvu ya kumtawala mtu, uwezo wa kutenda, na nguvu ambayo watu huipata kwa kusimama pamoja. Sisi mgawanyo huo karibu tunazaliwa nao mdomoni, na bado tunajadili madaraka peke yake.

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar es Salaam. Hakuwa na elimu kubwa wala mshahara wa chama. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, kwa wapika pombe na wauza maandazi, na kwa kuwa vikundi hivyo vilikuwa na viongozi, michango, sare na nidhamu yake, wanawake waliingia TANU kwa maelfu wakati wanaume wengi walioajiriwa serikalini hawakuthubutu kuonekana na kadi. Mamlaka yake hayakutoka kwa uongozi wa chama. Uongozi wa chama ndio uliokwenda kuyatafuta kwake. Kisha uhuru ukaja, UWT, yaani umoja wa wanawake, ikaundwa mwaka 1962 chini ya uenyekiti wake, akawa mbunge na waziri mdogo, na mwaka 1965 akashindwa uchaguzi katika jimbo la Rufiji. Nimejiuliza mara nyingi kama tulichokipoteza njiani ni vile vikundi vyenyewe, vilivyoweza kumwinua mtu na kumshusha bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Na jirani zetu wa Kenya wanakumbuka mwishoni mwa Februari 1992, wakina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoketi Uhuru Park wakifunga kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, wakidai watoto wao wafunguliwe. Polisi walipokuja kuwatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi, baadhi ya wakina mama wale wazee walivua nguo, na katika mila za pale hiyo ni laana ambayo kijana hatamani imfike. Walihamia kanisani na wakaendelea kwa miezi mingi, hadi wafungwa karibu wote wakaachiwa. Wote walikuwa raia wasio na kiti popote. Mtu aliyewatazama kwa kipimo cha viti angesema hawana lolote.

Sipendekezi tuvunje viti maalumu na kurudi kwenye ngoma. Ninachosema ni kwamba kiti kikikosa kikundi nyuma yake, anayekikalia hana pa kuegemea ila kwa aliyempa.

Mzee wa Rungwe

Hapo binti umenigusa, maana mama yangu mzazi alikuwa na kadi ya TANU kabla ya baba. Lakini nawauliza wote: mnasema wanaopewa viti humtii aliyewapa. Mbona wale kumi na tisa wa CHADEMA waliapa Novemba 2020 chama chao kikisema hakikupeleka majina? Chama kiliwavua uanachama mwezi uleule, Baraza Kuu likathibitisha Mei 2022, nao wakaenda mahakamani na wakaendelea kukaa bungeni. Huko si kujitegemea?

Mjumbe wa zamani

Mzee wangu, lile ni fundo ambalo kila mtu analifungua upande unaomfaa, na baadhi ya wanawake wale waliwahi kushinda majimbo, kwa hiyo si watu wa kupuuzwa. Mimi ninatazama jambo moja tu. Kiti kilipokataliwa na chama, kilichokiweka hai ni kutambuliwa na Spika na kesi iliyokuwa mahakamani. Kamba ilihama mkono mmoja ikaenda mwingine. Wanawake wenye kura walikuwa wapi katika habari hiyo tangu mwanzo hadi mwisho? Walikuwa wakisoma magazeti.

Nchi isingeshindwa kuvifanya viti hivi vichaguliwe na wananchi wa mkoa au wilaya moja kwa moja, kama wafanyavyo Kenya na Uganda, na mbunge akikaa vipindi viwili akaenda kugombea jimbo, akamwachia mwingine ngazi. Mapendekezo ya namna hiyo yamesemwa sana. Wenye orodha ndio wanaotakiwa kuyapitisha, na hapo ndipo yanapolala.

Mwalimu wa Uraia (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na hasa Mjumbe wa zamani, kwa sababu swali nililokuwa nalo lilikuwa "nani amempa," nawe umenipa lingine, "nani anaweza kumwondoa, na akiondolewa anarudi kwa nani." Hilo mwanafunzi wa kidato cha tatu analielewa bila jina la mwanazuoni hata mmoja. Nimekwisha kutoa nakala za Ibara za 51, 66, 71 na 78, nitawagawia kwa vikundi, kila kikundi kijibu maswali hayo kwa mbunge wa jimbo, wa viti maalumu na wa kuteuliwa na Rais.

Lakini kuna jambo nimeligundua jana usiku nikiwasoma, na si la kunipa raha. Hapa shuleni kwetu kaka mkuu huchaguliwa na wanafunzi wote kwa kura za siri. Dada mkuu naye hupigiwa kura, ila majina matatu yanayopigiwa hutoka ofisi ya walimu, kwa maelezo kwamba wasichana wanahitaji kulindwa na purukushani za kampeni. Utaratibu huo niliukuta, na kwa miaka minne nimekuwa katika kamati inayoandika majina hayo. Mwaka jana binti aliyeniuliza swali alitaka kugombea, na jina lake halikuwamo katika matatu. Sikumbuki kwamba tulilijadili hata kwa dakika moja.

Kipindi ni Jumatatu saa nne asubuhi. Nadhani nitaanza na karatasi ile ya majina matatu kabla ya kufungua Katiba.